Sura ya Tano: Alama Zinavyopanda na Kushuka katika Sekondari za Nakivale

Alama za mwanafunzi wa sekondari huandikwa kwenye ripoti kwa herufi moja au tarakimu mbili, lakini nyuma ya maandishi hayo mafupi hukusanyika mambo matatu tofauti: kiasi cha maarifa aliyonayo, uwezo wake wa kuyatoa maarifa hayo kwa lugha ya mtihani ndani ya muda uliowekwa, na siku alizokuwapo darasani somo lilipofundishwa. Ripoti haisemi ni lipi kati ya hayo lililopungua. Ndiyo maana alama zinaposhuka wazazi wengi, na walimu wasio haba, hukimbilia kulihukumu jambo la kwanza, wakasema mtoto hana akili au amekuwa mvivu, ilhali kwa mwanafunzi anayesoma katika makazi ya wakimbizi kama Juru hasara kubwa mara nyingi hutokea katika mambo mawili yanayofuata, yaani lugha na mahudhurio, na tiba ya hayo haifanani hata kidogo na tiba ya uvivu.

Juru ni mojawapo ya zoni za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yapata kilomita 60 kutoka mji wa Mbarara. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia machafuko ya 1959 walipokuwa wakiingia nchini, na leo yanakaliwa na Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo chini ya usimamizi wa Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo makazini huitwa OPM tu, ikishirikiana na UNHCR. Kwa upande wa shule, mchanganyiko huo una maana kwamba wanafunzi waliokaa dawati moja wamepitia mifumo isiyofanana: mmoja alianza masomo Kivu Kusini, nchini Kongo, kwa Kifaransa na matokeo yake yakatolewa kwa asilimia, wa pili alianzia Burundi kwa Kirundi na Kifaransa, na wa tatu amezaliwa hapo hapo makazini na hajui mfumo mwingine ila wa Uganda, ambao una miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya chini kuanzia S.1 hadi S.4, na 2 ya sekondari ya juu, S.5 na S.6. Vyeti vya sekondari vilivyopatikana nje ya nchi hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, kabla ya kutumika, na familia inayochelewa kuanza shughuli hiyo huweza kumwona mtoto wake akirudia darasa alilokwisha kulisoma, jambo linalomvunja moyo kuliko ugumu wa somo lenyewe.

Kabla ya kueleza namna ya kupandisha alama ni lazima ifahamike alama hizo siku hizi zinatolewaje, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa na kaka na dada waliomaliza shule zamani unahusu mfumo ambao umeondoka. Mwaka 2020 Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, NCDC, kilianzisha mtaala mpya wa sekondari ya chini unaojengwa juu ya umahiri, maana yake mwanafunzi hapimwi tena kwa kukariri peke yake bali kwa namna anavyotumia alichojifunza kutatua tatizo linalofanana na yale ya maisha. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa S.4, unaojulikana kama UCE, mwaka 2024. Madaraja ya zamani yaliyoanzia D1 hadi F9, pamoja na hesabu ya kujumlisha masomo 8 bora ili kupata divisheni, yaliachwa, na mahali pake zikawekwa herufi kuanzia A hadi E kwa kila somo. Badiliko kubwa zaidi ni kwamba 20% ya alama za mwisho hutokana na tathmini endelevu, yaani kazi na miradi inayofanywa shuleni kabla ya mtihani na kutumwa UNEB na shule yenyewe, huku 80% ikitoka katika mtihani wa mwisho.

Asilimia hizo 20 zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndizo alama pekee ambazo mwanafunzi huzipata bila kukaa chumba cha mtihani na ndizo zinazopotea kimya kimya. Mwanafunzi wa makazini huhamahama kuliko mwenzake wa mjini: familia inahamishiwa kijiji kingine, au mfadhili anapatikana na mtoto anapelekwa bweni Mbarara, au ada inakosekana na anakaa nyumbani muhula mzima. Kila uhamisho wa namna hiyo unaweza kukatiza mradi uliokuwa umeanza, na alama za kazi zilizokwisha kufanywa zikabaki katika faili la shule ya kwanza. Mzazi anayemhamisha mtoto wa S.3 au S.4 kwa hiyo ana jambo moja la kudai kwa mwalimu mkuu kabla ya kuondoka, nalo ni nakala ya alama za tathmini endelevu ikiwa na sahihi na muhuri. Mtahiniwa ambaye alama hizo hazikufika UNEB hujiweka katika hatari ya kukosa cheti hata kama mtihani ameufanya vizuri.

Lugha ndiyo sehemu yenye mengi. Uganda hufundisha na kutahini masomo ya sekondari kwa Kiingereza, na mtoto wa Kikongo aliyefika Juru akiwa na Kiswahili na Kifaransa huonekana ameshajua Kiingereza baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa sababu anacheza, anatania na kununua dukani kwa lugha hiyo bila kukwama. Mtaalamu wa elimu wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba hapa kuna viwango viwili vinavyochanganywa: lugha ya mazungumzo, ambayo mtoto huipata kwa takriban miaka 2, na lugha ya kitaaluma, yaani ile ya vitabu, maelezo ya kisayansi na insha, ambayo kwa kawaida huhitaji miaka 5 hadi 7 ili mtoto awafikie wenzake waliozaliwa nayo. Hata Mganda aliyezaliwa Isingiro hakuzaliwa na Kiingereza, lakini amekisoma tangu madarasa ya chini, na tofauti hiyo ya miaka huonekana wazi katika biolojia, jiografia na historia, masomo ambayo mwanafunzi anaweza kuwa ameyaelewa kabisa na bado akaandika jibu lisilopata hata nusu ya alama.

Dalili ya tatizo hilo ni rahisi kuitambua. Mwanafunzi ambaye hisabati yake iko juu lakini masomo ya maelezo yako chini, au anayejibu vizuri akiulizwa kwa mdomo na kuharibu akiandika, hana upungufu wa akili. Anachokosa ni sentensi. Anayeambiwa aongeze saa za kusoma ataongeza uchovu tu. Kinachomfaa ni kulielewa jambo kwanza kwa lugha aliyo na nguvu nayo, alijadili na wenzake kwa Kiswahili mpaka aweze kulieleza bila kubabaika, kisha aliandike kwa Kiingereza katika sentensi kamili tatu au nne na kumpa mwalimu au mwanafunzi wa darasa la juu azisahihishe. Shule zinazomkataza mwanafunzi kabisa kutumia lugha yake ndani ya uzio, na kumwadhibu akikosea, humnyima hatua ya kwanza kwa jina la kumharakishia ya pili. Pamoja na hayo, kila swali la mtihani huongozwa na kitenzi: kutaja si kueleza, kueleza si kulinganisha, na kulinganisha si kutathmini. Mwanafunzi anayetaja mambo matano mahali alipotakiwa kueleza mawili amefanya kazi kubwa bure, na kosa hilo hurekebishika ndani ya muhula mmoja kwa mazoezi ya kulisoma swali tu, kabla ya kulijibu.

Somo la Kiswahili lenyewe, ambalo mtaala mpya umeliweka miongoni mwa masomo ya lazima katika S.1 na S.2, linaonekana kama zawadi kwa Wakongo na Warundi wa Juru, na kwa kiasi fulani ni kweli. Hata hivyo wengi hulipuuza kwa kuamini kwamba wanalijua tayari, wakasahau kwamba Kiswahili kinachosemwa Bukavu au Uvira hupunguza upatanisho wa ngeli ambao msahihishaji anautafuta katika kila sentensi. Mwanafunzi mwenye ufasaha wa kusema akiongeza kazi kidogo ya sarufi na kusoma maandishi sanifu anaweza kupata A. Asipoongeza, atashangaa kumwona Mnyankole aliyejifunza lugha hiyo shuleni akimpita.

Baada ya lugha huja swali la namna ya kusoma, na hapa utafiti wa saikolojia umefika mahali ambapo hakuna mabishano makubwa tena. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alipima kwa kujifanyia majaribio mwenyewe jinsi kumbukumbu inavyopungua, akaona kwamba sehemu kubwa ya kilichojifunzwa hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha upungufu huwa wa polepole. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua. Wanafunzi wa chuo walisoma kifungu kifupi, kisha baadhi wakakisoma tena na wengine wakaandika wanachokikumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka 81% na walioandika kwa kumbukumbu 75%. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliorudia kusoma wakabaki na 42% na walioandika kwa kumbukumbu wakawa na 56%.

Matokeo hayo yanaeleza malalamiko yanayosikika kila muhula, kwamba mtoto alisoma usiku kucha na bado akafeli. Kusoma tena na tena daftari lile lile humpa msomaji hisia ya kulijua somo, kwa sababu macho yameyazoea maneno, na hisia hiyo ni ya kweli kwa dakika chache. Mtihani lakini hauji baada ya dakika chache. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipima mbinu 10 za kujifunza zinazotumiwa na wanafunzi, wakakuta kwamba kurudia kusoma na kupiga mistari chini ya maneno, mbinu zinazopendwa kuliko zote, zina faida ndogo, ilhali mbili zilipewa daraja la juu: kujipima bila kitabu, na kutawanya marudio katika siku mbalimbali badala ya kuyarundika siku moja.

Bahati njema ni kwamba mbinu hizo mbili hazidai vifaa. Mahali ambapo kitabu kimoja cha kiada hutumiwa na wanafunzi wengi na madaftari hujazwa kwa kunakili kutoka ubaoni, mwanafunzi anaweza kuligawa daftari lake mara mbili, upande wa kushoto akaandika maswali aliyoyatunga mwenyewe kutokana na somo la siku hiyo na upande wa kulia majibu, kisha akaufunika upande wa kulia na kujijibu: kesho yake, tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki, na mara ya mwisho kabla ya mtihani wa muhula. Dakika 20 za kazi hiyo zina thamani kubwa kuliko saa mbili za kukodolea macho kurasa. Kikundi cha wanafunzi wanne au watano wanaokutana kanisani au chini ya mti baada ya vipindi hufanya kazi hiyo hiyo kwa kuulizana, mradi kisigeuke kuwa mahali ambapo mmoja anafundisha na waliobaki wanatikisa vichwa. Karatasi za mitihani iliyopita nazo zinafaa, ila ile ya UCE ya kabla ya 2024 ilitungwa kwa mtaala wa zamani; inamsaidia mtu kupima maarifa, lakini inampotosha kuhusu sura ya maswali atakayokutana nayo, ambayo sasa huanza na hali fulani ya maisha na kumtaka mtahiniwa aishughulikie. Kwa hisabati na fizikia inatosha kusema kwamba daftari la makosa, ambamo kila swali lililokosewa linafanywa upya bila kuangalia ufumbuzi, huleta maendeleo ya haraka kuliko kufanya maswali mapya kila siku.

Mbinu zote hizo hazina kazi kwa mtu ambaye hakuwapo darasani, na kalenda ya shule ya Uganda haikupangwa kwa kufuata shamba. Mwaka wa masomo una mihula mitatu, wa kwanza ukianza kwa kawaida mwezi Februari na wa tatu mwezi Septemba, na mvua za kusini-magharibi huja kwa misimu miwili, takriban Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Kwa familia ya Juru inayotegemea kipande kidogo cha ardhi kwa mahindi na maharage, majira ya kulima na kupanda huangukia mwanzoni mwa muhula, mada mpya zinapofunguliwa, na msimu wa pili wa mvua huenda sambamba na majuma ya mwisho kabla ya UCE, ambayo hufanyika Oktoba na Novemba. Mtoto anayekosa siku mbili kwa wiki katika kipindi hicho hakosi sehemu ndogo tu ya somo, kwa kuwa mada za hisabati na kemia hupandiana, na aliyekosa ya kwanza haelewi ya tatu hata akiwapo. Familia haiwezi kuambiwa isilime, hasa tangu mwaka 2023 mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji na wengi wakapunguziwa. Inaweza hata hivyo kupanga ni nani anakwenda shambani siku gani, ikampa mtahiniwa wa mwaka huo kazi za jioni na Jumamosi, na mtahiniwa mwenyewe akawa na mwenzake mmoja aliyekubaliana naye kumwachia daftari siku hiyo hiyo, si mwisho wa wiki. Usingizi nao uhesabiwe ndani ya mpango huo, kwa sababu ubongo huyaimarisha yaliyojifunzwa mchana wakati mtu amelala, na taa ya sola inayowaka mpaka saa nane za usiku ni hasara iliyovaa sura ya bidii.

Iko sababu nyingine ya kushuka kwa alama ambayo shule huisoma vibaya. Mfano wake ni Paul Kagame, ambaye leo ni Rais wa Rwanda na ambaye alikulia Uganda akiwa mtoto wa wakimbizi. Alisoma shule ya msingi ya Rwengoro na kuimaliza akiwa na alama bora katika wilaya, akapata nafasi Ntare School, shule mashuhuri ya Mbarara iliyoanzishwa mwaka 1956. Kifo cha baba yake mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuondoka kwa rafiki yake Fred Rwigyema vilimfanya ateremke katika masomo na kuanza kupigana na waliowadharau Wanyarwanda, mpaka akasimamishwa na kuja kumalizia sekondari Old Kampala. Kisa hicho kinajulikana kwa sababu ya cheo cha mhusika, lakini muundo wake unajirudia kwa watoto wasio na cheo: msiba au kutengana na ndugu hutangulia, alama hufuata, utovu wa nidhamu huja mwisho, na shule huanza kushughulika pale pa mwisho. Kipimo kimoja humsaidia mwalimu wa darasa kutofautisha. Alama zikianguka katika somo moja au mawili, chanzo kitafutwe ndani ya darasa, katika mada iliyokosekana au mwalimu aliyebadilishwa. Zikianguka katika masomo yote kwa muhula mmoja, chanzo kiko nje ya darasa, na fimbo haitakifikia.

Kudumisha alama ni kazi tofauti na kuzipandisha, na wanaopanda huanguka zaidi pale wanapobadilisha shule. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza Juru akihamia Mbarara anaweza kuwa wa 30, na wazazi wakadhani ameharibika mjini, ingawa alama zake halisi hazikupungua. Namba darasani humpima mtoto kwa wenzake, nayo hubadilika wenzake wakibadilika. Inafaa zaidi kulinganisha alama za somo lile lile kwa mihula mitatu mfululizo. Hatari nyingine iko S.5, ambapo mwanafunzi huchagua masomo matatu makuu ya kufanya katika UACE, mtihani wa S.6, na wengi huchagua kwa kufuata jina la kazi wanayoitamani badala ya masomo waliyoyafaulu kwa miaka minne. Anayetoka S.4 na C ya kemia kisha akachagua fizikia, kemia na biolojia kwa sababu nyumbani wanataka daktari, ameanza miaka miwili ya kuteremka ambayo hakuna ratiba itakayoizuia.

Kwa mkimbizi kosa hilo lina gharama ya ziada, kwa kuwa ufadhili wa chuo kikuu hutolewa kwa ushindani wa matokeo. Mpango wa DAFI, unaogharimiwa hasa na Serikali ya Ujerumani na kuendeshwa kupitia UNHCR tangu 1992, una nafasi chache kuliko waombaji, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989 na ambacho ndicho chuo cha umma kilicho karibu zaidi na Nakivale, hupokea maombi kutoka nchi nzima. Wasichana, ambao huko makazini ndio hubeba jerikani za maji asubuhi kabla ya shule na kupika jioni wakati kaka zao wanajisomea, huongezewa pointi 1.5 wanapoomba kuingia vyuo vikuu vya umma vya Uganda, utaratibu ulioanza mwaka 1990. Nyongeza hiyo humfaa tu aliyefika S.6 na kufanya UACE. Wazazi wanaotaka binti yao aifaidi wamgawanyie kaka yake nusu ya jerikani hizo tangu S.1.